Mlango Hung'oka na Ukuta Wake

Wanazuoni wa aruzi ya Kiarabu huuita mstari mmoja wa shairi bayt, yaani nyumba, na nusu ya mstari huo huiita misraa. Maana ya misraa inayoshikika kwa mkono ni ya kiseremala: ni ubao mmoja wa mlango wenye mbao mbili. Kwa hiyo mshairi wa Kiarabu anapousoma mstari wake huufungua mlango wa nyumba, ubao wa kwanza kisha wa pili. Kiswahili kiliipokea nyumba hiyo ikawa ubeti, lakini mlango wake kikauacha nje. Vipande viwili vya mshororo kikaviita kwa maneno yake chenyewe, ukwapi na utao. Hata hivyo mafundi wa pwani hawakungoja ruhusa ya wanazuoni. Waliichonga misraa ya mti, na kazi yao ingalipo Unguja, Lamu na kwingineko, ingawa kila mwaka inapungua.

Inapungua kwa sababu ya jambo la kawaida kabisa, nalo ni ukarabati wa nyumba. Hufika siku ambapo mwenye nyumba hana budi kuamua. Mwimo umelika kwa unyevu hata kidole kinazama ndani yake. Ubao mmoja umeteremka, unakwaruza kizingiti kila unapofunguliwa. Dirisha la ghorofani limebaki nondo tupu, na mabao yake yalikwisha kuwa kuni zamani. Fundi ameitwa, ametazama, ameugonga mti kwa kifundo cha kidole, sasa anangoja jibu. Je, uchongwe mlango mwingine kama ule, au ununuliwe wa dukani? Dirisha liwe la mbao au la alumini? Na kizingitini amesimama dalali, ambaye hakuitwa na mtu, naye ana jibu lake la tatu: uuzwe huu huu uliooza.

Swali hilo lina umri mrefu kuliko Mji Mkongwe wenyewe. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika habari za pwani hii katika miaka ya mwanzo ya karne ya 16, alipoieleza Kilwa hakuacha kutaja milango yake ya mbao iliyochongwa na kuungwa kwa ustadi. Palipo mlango wa mti kando ya bahari pana mlango unaochakaa, na palipo mlango unaochakaa kulikuwa na mtu aliyekaa akawaza atie upi mahali pake. Habari zake hazikuandikwa. Kilichoandikwa ni habari za nyumba zilizokosa mtu wa kuwaza hivyo: Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyaona majumba ya Pate yaliyokwisha kuachwa, ndege wamefanya viota katika zidaka ambamo zamani vilipangwa vyombo vya kaure. Mara nyingi utenzi huo husomwa kama mawaidha juu ya dunia ipitayo, na ndivyo ulivyo. Lakini msomaji aliyewahi kukarabati nyumba ya mawe huona pia kitu kingine ndani yake, nacho ni orodha ya yale yanayoharibika kwanza.

Nyumba hiyo ya kale iliupa mtaa mgongo. Ukuta wake wa nje ulikuwa mtupu au karibu na kuwa mtupu. Mwangaza uliingia kwa juu, kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa, kisha ukapenya hatua kwa hatua katika msana wa tini, msana wa yuu, na mwishowe ndani, chumba chenye kiza kuliko vyote na chenye heshima kuliko vyote. Mgeni asiye wa nyumba aliishia dakani, penye baraza ya kukalia. Nyumba hizo zilitengenezwa na kupambwa kwa ajili ya mabinti, na harusi ndiyo iliyokuwa sababu kubwa ya kuongeza chumba au kutia nakshi mpya. Katika nyumba ya namna hii mlango hulibeba lile ambalo kwingine hugawanywa baina ya mlango na madirisha kumi. Ndio uso pekee ambao nyumba huuonyesha mtaa. Si ajabu basi kwamba fedha yote ya nakshi ya nje iliwekwa pale.

Lugha imehifadhi habari hiyo vizuri kuliko kuta. Waarabu huliita dirisha shubbak. Waswahili walilichukua neno hilo, wakalifanya shubaka, na shubaka la Kiswahili ni tundu au kidaka ukutani, mara nyingi kisichotokea upande wa pili. Dirisha lenyewe jina lake limetoka katika Kiajemi, ambamo maana yake ni mlango mdogo. Roshani nayo ni ya huko huko, kutoka neno la Kiajemi lenye maana ya mwanga. Mtu akiyapanga maneno hayo matatu huona jinsi nyumba ilivyofunguka: kwanza shubaka lisiloona nje, kisha mlango mdogo, kisha mwanga umetoka nje ya ukuta umesimama juu ya barabara. Kwa upande mwingine, neno mlango ni la Kibantu, nalo lina maana zaidi ya moja. Miongoni mwa Wamijikenda na majirani zao mlango ni pia tawi la ukoo, watu waliotoka kwa babu mmoja. Mfasiri anayelihamishia neno hilo katika lugha ya Kizungu hulazimika kuchagua maana moja na kuipoteza nyingine.

Kufunguka huko kulitokea hasa Unguja, katika karne ya 19. Sayyid Said alipouhamishia utawala wake kisiwani, na karafuu ilipoanza kulipa, mji wa mawe ulikua kwa haraka. Nyumba za Waarabu wa Omani zilipanda ghorofa mbili na tatu, na safu za madirisha marefu yenye nondo za chuma na mabao mawili ya kufungia zikajitokeza katika kuta zilizopakwa chokaa. Baadaye wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga maduka yenye makazi juu yake, wakaleta roshani za mbao zilizotobolewa kama kitambaa cha darizi, na vioo vya rangi katika nusu duara za juu ya madirisha. Aliyepita Mizingani akatazama jengo la Zahanati ya Zamani, lililoanzwa na Tharia Topan mwaka 1887 na kumalizika 1894, ameiona desturi hiyo ilipofika kileleni.

Milango nayo ilibadilika, na hapa pana jambo linalosahauliwa na wengi wanaozungumzia uhifadhi. Mlango wa mwanzo wa karne hiyo ulikuwa wa mraba juu, kizingiti chake kimenyooka, nakshi zake zimetulia. Karne ilipokaribia kwisha, hasa tangu enzi ya Sayyid Barghash aliyetawala 1870 hadi 1888, ulipendwa mlango wenye tao juu, nakshi zake zimejaa maua na majani, mikono ya mafundi wa Kihindi ikionekana waziwazi. Tajiri mpya hakutaka mlango wa baba yake. Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856 na kuchapisha kitabu chake 1872, aliona kwamba heshima ya mwenye nyumba ilipimwa kwa ukubwa wa lango, uzito wa kufuli na unene wa misumari. Na Burton, ambaye mengi aliyoyasema kuhusu watu wa pwani ni afadhali yaachwe yalipo, katika hili hakukosea. Milango ilitolewa, ikahamishwa, ikauzwa, ikatiwa katika nyumba nyingine. Haifai kudhani kwamba kila mlango una umri sawa na nyumba yake. Mwingi unaoitwa leo wa asili huenda ulikuwa mbadala siku ulipotiwa, na yupo mzee fulani aliyepita mbele yake akatikisa kichwa kuona ujana umeondoa mlango mzuri wa mraba.

Wala haifai kusahau fedha hiyo ilitoka wapi. Karafuu zilipandwa na kuchumwa na watumwa. Pembe za ndovu zilibebwa kutoka bara kwenye mabega ya watu. Mlango wa nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ungali Shangani, na uzuri wake haumwondolei yeyote deni hilo. Lakini hapa hutokea upotoshaji wa namna nyingine. Watembeza wageni wamezoea kusema kwamba mnyororo uliochongwa kwenye ukingo wa mlango ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara ya watumwa, kwamba samaki ni uzazi, kwamba yungiyungi ni hiki na mtende ni kile. Mnyororo umo katika milango ya kila aina ya watu, na wengine husema ni wa kuifunga nyumba isiingiwe na shari. Nakshi hurithiwa na mkono kabla ya kufasiriwa na mdomo. Fundi huchonga wimbi kwa sababu aliyemfundisha alichonga wimbi. Kadhalika misumari mikubwa ya shaba: hudaiwa kwamba India ilikuwa ya kuwazuia ndovu wasivunje malango. Unguja haikuwa na ndovu wa kuzuiwa, isipokuwa wale waliofika wakiwa pembe tupu.

Sasa turudi kwa fundi anayengoja jibu, kwa maana yapo anayoyajua ambayo dalali hayasemi.

Mlango wa zamani haukuletwa ukafungwa katika nyumba iliyokwisha. Wazee husimulia kwamba fremu ilisimamishwa kwanza, kisha ukuta ukajengwa ukiizunguka, na hata pale ambapo masimulizi hayo yametiwa chumvi, ukuta wenyewe huyathibitisha kwa kiasi. Miimo imezama ndani ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kizingiti cha juu kimefungamana na miti iliyolazwa nyuma yake, yenye kubeba uzito wa ukuta unaofikia nusu mita kwa unene, na juu ya ukuta huo ziko boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya ghorofa. Mbao za mlango wa kale hazining'inii kwa bawaba. Kila ubao una ncha ya mti juu na chini, nazo huzunguka katika matundu yaliyotobolewa kwenye vizingiti viwili. Katikati umesimama mfaa, mti wima uliopigiliwa kwenye ubao mmoja na kuufunika ukingo wa mwenziwe, mara nyingi ndio wenye nakshi nzito kuliko pote. Ubao mmoja hautoki bila ya fremu kuguswa, na fremu haitoki bila ya ukuta kujua. Anayeununua mlango kwa ajili ya hoteli au sebule ya mbali hulipia mti tu. Ufa unaopanda kutoka pembe ya kizingiti hadi ghorofani, miezi sita baada ya mlango kuondoka, hubaki kwa mwenye nyumba.

Kuna pia yaliyo chini. Kizingiti kilikuwa mpaka wa kila kitu: wa mtaa na nyumba, wa mgeni na mwenyeji, wa yanayoonekana na yasiyoonekana. Palifukizwa ubani na udi. Juu yake, mahali penye nakshi bora, iliandikwa aya au dua, na pengine mwaka wa Hijra. Chini yake palizikwa fingo, kwa desturi ambayo wanazuoni wengi wa mji hawakuipenda na wenye nyumba wengi hawakuiacha. Mafundi wanaobadili kizingiti huyajua haya yote, na wapo wasiokubali kuanza kabla ya kisomo. Anayewacheka na afikirie ni vizingiti vingapi vya saruji vilivyomwagwa mjini humo kwa haraka, bila ya mtu yeyote kuuliza kulikuwa na nini chini.

Uhusiano wa patasi na kalamu haukuwa wa mfano tu. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kuishi hadi miaka ya 1940, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchonga nakshi, pamoja na kuwa bingwa wa ngoma. Watafiti wa Kizungu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walizipata kwake tenzi nyingi zilizonakiliwa kwa mkono wake. Utungo wake juu ya Fumo Liyongo ni wa mwaka 1913. Mkono huo uliopanga vina pembeni mwa karatasi ndio uliopanga maua pembeni mwa mwimo. Yeyote aliyeziona hati zake, zenye mapambo ya mwanzo na mistari iliyogawanywa kwa alama ndogo zinazojirudia, haoni vigumu kuamini kwamba ni kazi ya mtu anayejua kugawa ubao kwa uzi na chaki kabla ya kuutia chuma. Nakala ya utenzi hutengenezwa mbele ya nakala nyingine: iliyochakaa huwekwa kulia, karatasi mpya kushoto. Kinachofika kwa wasomaji wa leo ni mlango wa badala, na hakuna anayelalamika, maadamu mwandishi alikuwa na mkono mzuri na hakuongeza la kwake.

Kipimo hicho hicho kingewafaa wenye nyumba, kama mambo yangekuwa ya kipimo tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, wenyewe wengi walikwisha kuhama, na familia kadhaa zikapangishwa katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya moja. Nyumba nyingine nyingi zilikuwa za wakfu, na kodi yake haikutosha hata chokaa. Mpangaji wa chumba kimoja hana sababu ya kutengeneza lango la wote. Mvua ilifanya kazi yake. Paa likavuja, sakafu ikaoza, ukuta ukaegemea. Mlango, kwa kuwa ni wa msaji au mfenesi uliokauka vizuri, mara nyingi ulisalia umesimama mbele ya kifusi. Hapo ndipo dalali alipopata riziki. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na watalii wakaongezeka, mlango wa nakshi ukawa kitu cha kusafirishwa kama vile karafuu ilivyokuwa, ukaenda Ghuba, Ulaya na kwenye hoteli za pwani. Kwa baadhi ya familia, tena si za walafi, fedha ile ilikuwa paa jipya. Kumhukumu mama aliyeuza mlango ili watoto wasinyeshewe ni kazi rahisi kwa asiyelala chini ya paa lile.

Serikali nazo hazikukaa kimya. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa 1985, mji ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu ikafuata 2001. Mwenye nyumba anatakiwa kupata kibali kabla ya kubadili mlango au dirisha. Kanuni ni njema. Lakini mtu anayeambiwa dirisha lake liwe la mti mgumu, lenye mabao ya kufungua na vipimo vya zamani, huuliza swali moja tu, nani atalipa, na mara nyingi kanuni humpa kisogo. Ndiyo maana dirisha la alumini hutiwa Ijumaa jioni, ofisi zikishafungwa.

Dirisha hilo la alumini halikosi watetezi, na hoja zao zisikilizwe. Halioti ukungu, haliliwi na mchwa, halihitaji rangi kila baada ya misimu michache, na bei yake humwezesha mtu kubadili madirisha yote ya nyumba kwa fedha ambayo kwa mti mgumu ingetosha mawili au matatu. Linaziba vumbi, linashika wavu wa mbu, linamfaa mwenye kiyoyozi. Kiingiacho mjini si haramu, walisema wahenga, na roshani za Kihindi nazo zilikuwa ngeni siku moja. Tena kabla ya alumini mji ulikwisha kupitia kioo cha vipande, kile cha kufungua na kufunga kwa mkono wa chuma, ambacho kilipendwa mno katika miaka ya baada ya uhuru na ambacho leo vipande vyake vilivyovunjika huzibwa kwa kadibodi.

Udhaifu wake huonekana dirisha likishatiwa. La kusukuma hufungua nusu tu ya tundu, kwani kioo kimoja daima hukaa nyuma ya mwenziwe. La mabao mawili hufungua lote. Pepo za Kaskazi na Kusi ndizo zilizoupanga mji huo, na nyumba iliyojengwa ili upepo uingie mbele utoke nyuma, ukiinyima nusu ya matundu yake, hugeuka tanuri. Kisha mwenye nyumba hununua kiyoyozi, na hesabu ya unafuu huishia hapo. Lipo pia suala la stara. Bao lenye vipande vilivyoinamishwa humwezesha aliye ndani kuona mtaa bila kuonwa, na kupata hewa akiwa amefunga. Kioo cha giza hufanya hivyo mchana. Usiku taa ikiwashwa, mtaa mzima umekaribishwa. Wanawake wa mji walilijua hili kabla ya wasanifu wa majengo, na penye pazia zito lililofungwa mchana kutwa nyuma ya kioo kipya, jibu lao linaonekana.

Jambo la tatu ni saruji. Dirisha la alumini hutaka tundu la mraba kamili, na kuta za matumbawe hazina tundu kama hilo. Hivyo fundi husawazisha kwa saruji. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini pamoja na chumvi yake hukosa njia, huzunguka kando ya saruji, ukaanza kuumumunya ukuta wa zamani pembeni. Aliyelaumu mti kwa kuoza huona baadaye jiwe nalo linachakaa.

Kwa ajili hiyo mafundi wazuri, ambao hawajaisha, hupenda kuanza na tezo ndogo badala ya nyundo kubwa. Mara nyingi mwimo umeoza shubiri mbili za chini tu, pale maji ya mvua yanaporukia. Sehemu hiyo hukatwa kwa mshazari, hutiwa kipande cha mti wa jamii ile ile, kilichokaushwa vya kutosha, kikaingia kwa ulimi na tundu na kufungwa kwa vigingi vya mti, si kwa misumari ya chuma, ambayo katika hewa ya bahari hufura kwa kutu na kuupasua mti ulioshikwa. Nakshi za kipande kipya huchongwa kwa kufuata zilizobaki upande wa pili, kwani mlango wa mbao mbili una fadhila hii: kilichopotea kulia bado kipo kushoto. Mwenye macho huona kiungo; asiye nayo huona mlango. Ukarabati wa Zahanati ya Zamani, uliofanyika katika miaka ya 1990, ulionyesha kwamba mikono ya kazi hiyo ilikuwapo mjini, ilikosa tu mtu wa kuiita.

Pale ambapo hakuna cha kuunga, uchaguzi wa mti ndio unaoamua. Msaji una mafuta yake yanayoukinga. Mbamba kofi ni mzito, huchosha patasi, lakini mchwa huukimbia. Mninga huchongeka na hudumu. Mkangazi ni mtiifu kwa mchongaji. Milango mingi mipya yenye nakshi inayouzwa kama ya kale haikukosea nakshi. Imekosea mti: ni mbichi, au laini, na baada ya kiangazi cha kwanza hupasuka katikati ya ua. Lamu, ambako nyumba nyingi zilinunuliwa na kukarabatiwa na wageni, kazi hiyo imewapa vijana mafunzo na riziki, na baadhi ya milango iliyotoka katika karakana zake haioni haya mbele ya ile ya zamani. Afadhali mlango mpya ulio mpya kwa uwazi kuliko mlango uliopakwa matope na mafuta machafu ili uonekane una miaka mia.

Tarehe 25 Disemba 2020, wakati wa ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka. Watu walipoteza maisha yao. Jumba lile lenye milango mikubwa iliyochongwa na kupambwa kwa maandishi ya Kiarabu lilikuwa limepasuka na kuvuja kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo, mbele ya macho ya mji na ya dunia yote iliyokuja kulipiga picha. Hapo ilionekana wazi kwamba mlango hauwezi kuhifadhiwa peke yake kama kito. Hauhifadhiki bila boriti, paa na mfereji wa maji ya mvua.

Nchini Kenya, sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1983, na baada yake sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, zilitamka kwamba mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Mwaka huo haukusogezwa tangu sheria ya kwanza hadi ya pili. Mlango uliochongwa Lamu mwaka 1947, na fundi huyo huyo, kwa patasi ile ile, kutoka gogo lile lile, umekwisha kupita umri wa miaka sabini na mitano, na kwa maneno ya kifungu hicho bado ni mlango mpya.